Kijiko cha Roboti Muuguzi

Gazeti alifika kijiweni akakataa kukaa. Wanaomjua wanaelewa kwamba akikataa kukaa amebeba habari, na mpaka aitue hata kahawa hagusi.

"Jamani, yule roboti muuguzi amepewa katuni yake mwenyewe."

Soli, fundi viatu, aliinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akihangaika nacho. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa na kimevimba vibaya. Alijichoma na sindano ya kushonea soli, na sasa hata uzi alikuwa akiuvuta kwa meno. Hospitali ilikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara, mbele ya benchi la kahawa la Mama Birika. Kila akivuka, dirisha la kadi lilimrudisha bila kutibiwa, na usiku uliopita alilala akiwaza jinsi fundi asiye na gumba atakavyokula. Habari za roboti hazikuwa shida yake, ila masikio hayana pazia.

Gazeti akaeleza. Kwenye ile filamu ya mashujaa, roboti huyo kazi yake ilikuwa kuwafuata nyuma akibeba bandeji. Watoto wakampenda yeye, mashujaa wakawasahau. Sasa wachoraji wanamtengenezea mfululizo wake peke yake, yuko wodini tu. Anamwendea mgonjwa, anamuuliza anaumwa wapi, anakaa, anasikiliza. Tena ana sharti: haondoki mpaka mgonjwa aseme ameridhika.

"Anasikiliza jibu mpaka mwisho?" aliuliza Mama Birika, birika likining'inia hewani.

"Mpaka mwisho. Halafu anauliza na umelalaje."

"Ndiyo maana wameamua kuchora," alisema Soli. "Wangeigiza watu wazima, tungezima televisheni tukasema tunadanganywa mchana kweupe."

Gazeti naye alikuwa na lake. Alisema yeye hana neno na roboti anayeruka, wala anayetema moto, maana hayo ni mambo ya kisayansi. Lakini wodi ambayo mgonjwa anaulizwa amelalaje, hapo mtunzi alikuwa amepitiliza. Mama Birika akamwambia apunguze ukali, watoto nao wanahitaji ndoto.

Wakiwa katika hayo akatokea Rudi-Kesho mwenyewe, karani wa dirisha la kadi, shati limenyooka na shingo imenyooka zaidi. Jina hilo alipewa na foleni. Yeye aliliona ni la heshima, kama cheo.

"Mnamzungumzia roboti?" alisema akiketi. "Basi mnanizungumzia mimi. Sauti yake ni yangu."

Gazeti akakaa bila kuambiwa.

Kumbe bwana mmoja mtengenezaji wa katuni hiyo alikuwa amempeleka mama yake hospitali, wakashinda kwenye foleni tangu asubuhi hadi dirisha lilipofungwa, muda wa kutosha kabisa kuikariri sauti iliyokuwa ikiita majina kwenye kipaza sauti. Ni sauti nzito, nzuri, hilo hata maadui wa Rudi-Kesho hawakulikana. Bwana yule akamwambia kesho asubuhi aende akajaribiwe. Kimoja tu kilimtia wasiwasi: maneno yenyewe ya roboti hakuwa ameyazoea.

"Tufanye mazoezi," alisema Mama Birika, akamchomolea kijiko chake kirefu cha kukorogea kahawa. "Hiki ndicho kipaza sauti. Mgonjwa ni Soli."

Rudi-Kesho alikishika kijiko, akajikohoza, na benchi zima likaduwaa. Sauti ilitoka laini kama maziwa ya uvuguvugu.

"Habari za asubuhi, baba. Unaumwa wapi?"

Soli hakuwa mwigizaji, kwa hiyo alisema kweli. Alieleza sindano, uvimbe, homa ya jioni na uzi anaouvuta kwa meno. Kijiko kikasikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, baba yangu. Kidole hiki kinatakiwa kionwe leo hii. Sitaondoka hadi useme umeridhika."

Soli alijikuta macho yamelowa, akajilaumu kwa hilo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa pole tangu ajichome. Akauliza kwa adabu kama basi aende naye sasa hivi dirishani.

Rudi-Kesho alishusha kijiko. "Wewe, faili lako halionekani. Si nilishakwambia urudi kesho?"

Mama Birika akamtazama mtu, akatazama kijiko. Akamuuliza, kwa upole wa kutega, kama hiyo roho nyingine huwa inaingiaje. Rudi-Kesho akafutuka kama andazi. Alisema msanii wa kweli hahitaji kuandaliwa. Akiwekewa kipaza sauti mdomoni, popote pale, yeye si yeye tena, na hatoki humo mpaka onyesho liishe. Akayasema hayo mbele ya mashahidi, akanywa kahawa yake, akavuka kwenda kazini.

"Mmemsikia," alisema Mama Birika. Akakipangusa kijiko kwa aproni, akakitia mkononi mwa Soli. "Chukua, mwanangu. Kidole hakingoji kesho."

Soli alivuka. Gazeti akamfuata nyuma, akasema anakwenda kama mwandishi wa habari.

Foleni ilikuwa ndefu na imechoka. Soli alipofika dirishani, Rudi-Kesho hakuinua kichwa. Mdomo ulishaanza, "Rudi ke…" Soli akapitisha kijiko kwenye uwazi wa kioo, kikasimama mbele ya meno yake. Karani alikitazama kijiko. Akamtazama Gazeti, aliyekuwa akiwanong'oneza watu kwamba huyu ndiye msanii. Foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza, na hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza namna ile. Sifa zikamshinda.

"Habari za asubuhi, baba. Unaumwa wapi?"

Faili lililokuwa halionekani lilionekana. Lilikuwa chini ya kiwiko chake. Alimwandikia Soli kadi ya chumba cha vidonda, akamwelekeza mlango, akampa na pole. Mkono wake mmoja tayari ulikuwa umeshika kibao cha kufungia dirisha, maana saa ya chai ilikuwa imefika.

"Sitaondoka hadi useme umeridhika," alimalizia, akimkonyeza Soli aseme upesi.

Neno lilikuwa mdomoni. Soli aligeuka nyuma. Kulikuwa na mama amembeba mtoto anayepumua kwa shida, na nyuma yake mzee ameegemea ukuta, na nyuma ya mzee hakukuwa na mwisho.

"Bado sijaridhika," alisema, akamkabidhi yule mama kijiko.

Jioni Soli alikuwa kwenye kiti chake, gumba limefungwa bandeji nyeupe, akiwa ameambiwa na daktari kwamba angechelewa kidogo tu lingekatwa. Kijiko kilirudishwa na mtu wa mwisho wa foleni. Baada yake akaja Rudi-Kesho akijikokota, shati limelegea. Alijitupa kwenye benchi, akaonyesha birika kwa kidole. Sauti ya kujaribiwa kesho haikuwepo.

Mama Birika alimtazama kwa huruma, akakiinua kijiko mbele ya mdomo wake mwenyewe.

"Pole sana, baba. Unaumwa wapi?"

"Kooni," alinong'ona Rudi-Kesho.

Mama Birika akashusha kijiko.

"Kahawa imekwisha. Rudi kesho."