Kompyuta ya Harieth Imegoma

Jumanne, 29 Julai 2025

Harieth amefika. Mtakwimu kutoka Bukoba, ametumwa ofisini kwetu hapa Bariadi kuchambua takwimu za mavuno ya pamba, kazi iishe kufikia sikukuu ya wakulima, Nane Nane. Amenisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", kwa lafudhi ya Kihaya, nami nikasahau kuitikia. Nina miaka thelathini na minne, moyo unanienda mbio kama wa mtoto wa shule!

Anataka programu ya takwimu kwenye kompyuta yake. Kompyuta zetu zote zinatumia mfumo wa Linux, na fundi ni mimi peke yangu. Amesema angependa kumaliza mapema. Akimaliza ataondoka. Sitaki.

Saa saba, alipokwenda kula, nikaandika mistari michache ndani ya faili la mfumo: programu hii isikubaliwe kamwe. Juu yake nikaweka jina, tarehe na sababu, kama tulivyofundishwa chuoni. Mwalimu wetu alisema fundi asiyesaini kazi yake ni mwizi. Mimi si mwizi.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeitwa mara nne! Programu imegoma. Nimekunja uso, nimegusa waya, nimesema ni mtandao. Nikafuta mafaili ya muda, nikasasisha orodha ya programu, nikazima na kuwasha. Yote kwa utaratibu, yote nikijua haitakubali.

Tukingoja, tumekula michembe ya mama na karanga. Akauliza viazi vinakaushwaje hivi. Nimeeleza dakika arobaini. Amecheka mara mbili. Nimerudi nyumbani na kicheko kile, na chumba changu kimekuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Ijumaa, 1 Agosti

Constantine, dereva wetu, kamletea Harieth samaki wawili, sato, kutoka kwao Kalemela. Wakubwa! Kisha akasimama nyuma yetu akizungusha funguo kidoleni. Akauliza iweje kompyuta ya bosi ipokee programu leo asubuhi kwa mtandao huohuo. Akasema magari mawili yakijaza mafuta sheli moja, na moja likagoma kuwaka, usiilaumu sheli. Dereva! Nikamjibu Linux si gari. Harieth akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ili nionekane nafanya kazi, nimeng'oa programu ndogo saba ambazo ile kubwa inazitegemea. Nitazirudisha. Kazi ndogo.

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa! Mama Martha, bosi wetu, amesema kompyuta isipopona hadi kesho saa sita, Harieth akamalizie kazi Mwanza.

Nimerudisha zile saba. Zimekataa. Kila moja inadai mwenzake atangulie, na mwenzake anadai hivyohivyo. Sasa imegoma kweli! Na faili langu siwezi kulifungua mbele yake. Nimemwambia akanywe chai. Kumbe hanywi chai.

Jioni, jasho likinitoka, ameniuliza taratibu kama kuna jambo nataka kumwambia. Nilikuwa nalo. Nikamwambia ajaribu kuzima na kuwasha tena.

Jumanne, 5 Agosti

Amelipata mwenyewe. Alipitia mafaili ya mfumo moja baada ya jingine, nimeingia nikamkuta akisoma kwa sauti: "Mayige. Tarehe 29 Julai. Sababu: asimalize, asiondoke."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Amesema alitaka kumaliza kesho Jumatano ili siku zilizobaki apate mtu wa kumpeleka Nyakabindi kwenye maonyesho ya Nane Nane. Mtu huyo alidhani ni mimi. Alikuwa anangoja niseme.

Mama Martha akasema Usukumani mwanamume hutuma mshenga, mimi nimetuma faili.

Saa sita Constantine akampakia kwenda Mwanza. Michembe iliyobaki ameibeba. Nimesimama getini hadi vumbi likatulia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekwenda Nyakabindi peke yangu. Nimetazama ng'ombe, trekta, mbegu za pamba. Kila kitu nilitaka kumwonyesha. Nimenunua karanga za watu wawili, nikazila zote.

Saa kumi, ujumbe kutoka kwa Harieth! Amemaliza. Kompyuta ya Mwanza haina tatizo. Jumatatu atapita Bariadi kuchapa ripoti na kumkabidhi Mama Martha, kisha anaondoka moja kwa moja. Akaongeza kwamba kama nina neno, atakuwepo saa moja nzima.

Saa moja! Haitoshi.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi. Makosa yangu nimeyaona wazi, na mtu mzima hujifunza. Nimepitia ofisini, funguo ninazo. Nimeifunga printa isichape mpaka nitakapotaka mimi. Nimesaini jina na tarehe.

Sababu sijaandika.