Kinywa cha Kumpaka Mjukuu Tende

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimesikia jambo! Daktari bingwa alikuwa redioni. Kasema watafiti wanachunguza bakteria wa kinywani, kwamba huenda baadhi yao, wakimfikia mtoto mchanga kutoka kwa wazazi, humkinga na mzio na pumu. Kasema "huenda" mara nyingi mno. Madaktari ni waoga.

Nikamfikiria Najma wangu. Binti huyu kakua na pampu ya pumu mfukoni. Utotoni nilikuwa nambeba mgongoni hadi hospitali, kifua chake kinalia filimbi, na mimi nalia kuliko yeye. Sasa ni mjamzito, nesi kasema ni wiki hii. Mtoto wake hatahema vile. Sikubali!

Na njia ipo. Akizaliwa, mtu atatafuna tende na kumpaka kwenye kaakaa, kama ilivyo sunna. Mtu huyo ni mimi, Bwanausi, babu yake.

Jumapili, 6 Julai

Kikwazo. Mzee Abdulazizi, baba wa mume wa Najma, anadai tende ni yake. Eti yeye hupiga mswaki kabla ya kila swala. Nikacheka moyoni. Kinywa kinachosuguliwa hivyo kina bakteria gani? Wote wamehama!

Mimi mswaki nimeuweka kando tangu jana. Wangu nawalisha: kashata asubuhi, halua mchana, chai ya sukari tele jioni. Kwenye udhu nasukutua, ila kwa upole.

Jumanne, 8 Julai

Mke wangu Mwanabaraka kahama chumba. Anasema nikitoa salamu pazia linatikisika. Uzushi! Kwenye soko la samaki, ninakouza barafu, wachuuzi wameniomba nisogee upande upepo unakoelekea. Wachuuzi wa samaki! Nimefurahi sana. Maana yake bakteria wangu wanaongezeka.

Jumatano, 9 Julai

Jino linapwita. Nimeshinda na barafu shavuni, barafu ya biashara. Halua naitafunia upande wa pili.

Alhamisi, 10 Julai

Najma kajifungua! Msichana! Anaitwa Lulu. Alhamdulillah. Nimelia mbele ya Abdulazizi na sijali. Kesho wanatoka hospitali, Najma anakuja kwetu mpaka arobaini. Tende ni kesho hiyo hiyo.

Lakini shavu limevimba kama andazi. Mwanabaraka kanikokota kwa daktari wa meno. Dada wa watu akachungulia, akarudi nyuma hatua nzima. Jino limeoza, fizi zina usaha. Nikamweleza mpango wangu kitaalamu. Akasema kinywani kuna bakteria wema na wabaya, na kwa sukari na uchafu wangu nimewaneemesha wabaya. Mtoto nisimtafunie kitu chochote. Tena "huenda" ya watafiti si dawa, baba. Jino likang'olewa. Mwanabaraka alikuwa anasikiliza yote. Ule uso!

Ijumaa, 11 Julai

Tumeshindwa wote. Abdulazizi kaja na mswaki wake na mafua, anapiga chafya mpaka kofia inamtoka. Najma akatutazama, mmoja shavu, mmoja pua. Akatuamkia shikamoo kwa adabu, kisha akatuomba tukae mlangoni. Tende ikapondwa kwa kijiko! Mama yake, Mwanabaraka, akanawa mikono, akampaka mtoto kwa ncha ya kidole. Kinywa cha mtu hakikuhusika. Nimeumia.

Nikamwambia Najma ukweli, kwamba naogopa mtoto asije akahangaika kama yeye. Hakucheka. Akasema dalili anazijua, kliniki atampeleka, na siku hizi watoto wenye pumu wanacheza mpira kama wenzao. Akaniita niweke sikio kifuani kwa Lulu. Nikaweka, upande usiovimba. Kimya. Pumzi inaingia, inatoka, safi kabisa. Sikutaka kuinuka.

Jumapili, 13 Julai

Shavu limeshuka, nimesamehewa, nimeapa mbele ya Mwanabaraka kwamba mambo ya redio basi.

Mchana redioni kaja daktari mwingine. Kasema watoto wanaokua karibu na mifugo huenda hawapati sana pumu. Huenda, huenda, lakini nilimwelewa. Nimempigia Yahya, mfugaji wa Makurunge. Kesho analeta mbuzi watatu, Mwanabaraka akiwa kwenye arusi. Watakaa sebuleni, karibu na kitanda cha Lulu. Abdulazizi, nasikia, ana kuku wawili tu.