Tone la Ziada

Machi 3, Jumatatu

Leo ndiyo leo! Bosi ametangaza: kati yangu na shemeji, atakayetangulia kuzigeuza chembe shina za damu kuwa chembe za kutengeneza kingamwili ndiye msimamizi mpya wa maabara. Shemeji! Kaka wa mke wangu! Kazi hii nilimtafutia mimi. Sasa ananisalimia kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

Kazi yenyewe rahisi. Chembe shina imekaa kwenye uboho, ndani ya mfupa, haijaamua maisha. Inakuja protini fulani, inashika jeni zake, hizi inawasha, zile inazima, na mtoto anajua atakuwa nani. Shemeji anaitia protini hiyo tone moja moja. Mwoga!

Machi 4, Jumanne

Nimepata wazo. Matone matano! Mkutanoni bosi alieleza kuwa protini hii ikiwa kidogo tunapata chembe za kingamwili, na ikizidi... mwisho haukuniingia. Nilikuwa nakitazama kiti cha msimamizi. Kinazunguka!

Nimetumia chembe shina zote, na za akiba pia. Akiba ya nini na ushindi uko mlangoni?

Mke wangu kauliza mbona naimba bafuni. Nikamwambia ajiandae kuwa mke wa msimamizi. Akasema atakuwa ama mke wake ama dada yake, yeye hana hasara.

Machi 8, Jumamosi

Zimeamka! Zimenona! Nimecheza korido nzima, mfagiaji akanipigia makofi. Nikamwita shemeji aje afe kwa kijicho.

Akainama kwenye hadubini. Kisha akauliza, kwa adabu zote, mbona chembe zangu zinakulana. Wivu huo, nikajua. Nikatazama mwenyewe. Lo! Zimeng'ang'ania chini ya kisahani, zinawameza wenzao waliokufa. Nimezaa walafi! Ni chembe nyeupe halali kabisa, kazi yake kumeza vijidudu, ila si hizo tulizoagizwa.

Ndipo nikakumbuka bosi alisema nini baada ya "ikizidi".

Machi 10, Jumatatu

Bosi kaniambia nianze upya kwa zile za akiba. Akiba ipi? Nimekula mbegu! Akaniambia nifungashe vitu vyangu. Niliogopa kweli. Aliyeniombea msamaha ni shemeji. Aibu gani hii! Mke wangu kampikia yeye kwanza.

Machi 12, Jumatano

Shemeji, msimamizi mpya (kiti kinamzungusha vizuri, nakubali), amenipa kazi moja tu: kulinda chembe shina zake. Ipo protini nyingine inayozilaza ili zisiishe. Nisiziguse, nisizichokoze, nikae tu. Nimeapa mbele ya bosi.

Nimekaa nazo tangu asubuhi. Zimelala fofofo. Zinatia huruma! Haraka haraka haina baraka, sawa, nimeambiwa na kila mtu hadi mfagiaji. Lakini kulala nako kuna baraka gani?

Nimetia tone la ile protini ya kwanza. Moja. Dogo!

La pili nimetia ili la kwanza lisione upweke.