Masazo ya Kikombe cha Faleh

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu jana kwenye uwanja wa mbio za magari. Mzunguko wa tatu, kona ya mwisho, gari la kaka Ghanim likaanza kumisi. Taa ya injini ikapepesa, gari zima likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, Ghanim akarudi polepole mbele ya watu wote. Mashine ya kupimia ikasema silinda ya tatu haichomi mafuta. Si mara ya kwanza.

Jioni baba akatoa hukumu kwenye diwania, baraza yetu ya wageni, wanaume wote wamekaa, kahawa ya iliki mkononi. Likimisi tena Ijumaa ijayo, anauziwa Faleh. Faleh ni binamu yetu, na amelimezea mate siku nyingi. Sasa, Ghanim aliniahidi kuwa nikipata leseni gari hilo ni langu. Kwa hiyo linalouzwa ni langu!

Chanzo nakijua: kijicho. Alhamisi Faleh alilizunguka, akapapasa bodi, akasema zuri mno. Hakusema mashaallah. Nilitaka kumkumbusha. Sauti haikutoka. Ningekohoa, basi. Hata kukohoa niliona haya.

Jumapili, 9 Novemba

Ghanim amehamisha koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, ya silinda ya tatu kwenda ya kwanza, na ya kwanza kwenda ya tatu. Anasema kosa likihama na koili, koili ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, tutazame plagi. Nikaitikia kwa kichwa. Umeme nasomeshwa shuleni kwa Kiingereza, na alama zangu si mbaya. Lakini kijicho nimesomeshwa kwa Kiarabu, na bibi, na bibi ana mifano mingi kuliko mwalimu.

Dawa ya bibi: masazo ya kinywaji cha aliyekitazama kitu, ukinyunyizie kitu chenyewe. Mwenye jicho asijue. Afadhali, maana kumwomba nisingeweza.

Mimi ndiye mdogo, kwa hiyo mimi ndiye mmiminaji. Nikamsimamia Faleh na birika. Mtu akitosheka hutikisa kikombe. Faleh hatikisi! Anaongea tu, mkono umenyooka. Nikamimina, nikamimina. Ami Hamud akauliza kama tunamnenepesha kwa ajili ya Idi. Watu wakacheka, mimi nikawa mwekundu kama pilipili. Hatimaye akatikisa. Kikombe kikaingia mfukoni mwa kanzu yangu.

Yalibaki matone tu. Nikaongeza maji, nikasuuza vizuri, nikafungua kifuniko cha injini, nikamwaga kwa bismillahi. Mengi yakatiririka kwenye tundu la koili ya nne. Vyema. Dawa iingie ndani.

Jumanne, 11 Novemba

Ghanim amelijaribu barabarani. Linamisi silinda ya kwanza, na ya nne pia. Ya kwanza ilimfurahisha: kosa limehama na koili, kanunua mpya, kafunga, limeisha. Ya nne imemkosesha raha. Plagi mpya, koili haijawahi kusumbua, iweje? Akanitazama kama mtu anayeomba wazo. Nikatazama viatu.

Mimi nimeelewa. Faleh ameshang'oka kwenye ya tatu. Kwenye ya nne yuko mtu mwingine. Ami Hamud! Mwezi uliopita alisema injini inanguruma kama simba. Bila mashaallah, nina hakika karibu kabisa.

Alhamisi, 13 Novemba

Tangu jana gari ni safi. Hakuna taa, hakuna kutetemeka. Hata kabla hajaifungua ile ya nne, imenyamaza yenyewe. Ghanim anapiga mluzi bafuni. Baba ameuliza kama kesho tutabeba machbusi, ule wali wa nyama, tule uwanjani, maana yake anategemea kukaa.

Mtu mwingine angetulia. Lakini kijicho ni kama homa, ukikatisha dawa kinarudi. Kikombe cha ami Hamud nimekipata baada ya alasiri. Safari hii nimesuuza kwa maji mengi zaidi na kumwaga matundu yote manne, nisimbague mtu.

Ijumaa, 14 Novemba

Halikumaliza mzunguko wa kwanza.

Mashine ilitaja silinda zote nne. Baba hakugomba. Aliuchukua ufunguo kiganjani mwa Ghanim, akauweka katika cha Faleh. Ghanim akamwomba ampe saa moja tu. Baba akasema neno alilitoa mbele ya watu.

Ghanim akafungua koili kwa hasira, apate angalau kujua. Akainusa. Akainusa tena.

"Duaij," akaniita. "Kwa nini injini yangu inanuka iliki?"

Nikamwambia nilikuwa nalitibu.

"Dogo, wewe maji na umeme umesomeshwa au hukusomeshwa?"

"Si maji. Ni kahawa."

Akakaa juu ya tairi. Faleh akauliza ni kahawa ya nani. Nikatazama viatu. Ghanim akayafuta matundu kwa kitambaa, akayapuliza kwa hewa, akafunga kila kitu. Machbusi yalirudi nyumbani na sufuria yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Faleh aliliendesha jana mchana kutwa. Mzunguko baada ya mzunguko, taa haikuwaka hata mara moja. Ghanim anasema ni kwa sababu limekauka.

Nimelala nikifikiri, na sikubaliani naye. Mtu hawezi kulihusudu gari lake mwenyewe. Limekuwa la Faleh, limepona siku ile ile. Ushahidi gani tena? Nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nilikosea kinywaji tu: kahawa ni nyepesi, haishiki.

Mchana Ghanim ameleta gari jingine, kuukuu, la rafiki yake. Bado hanisemeshi, ila amesema mbele yangu kwamba hili atalitunza mpaka nipate leseni. Moyo ulinijaa. Nikasimama uani, sikuweza hata kusema asante.

Ami Hamud naye alitoka kulitazama. Akalitazama muda mrefu, bila mashaallah, glasi ya mtindi mkononi. Amekunywa nusu.

Nusu nyingine ninayo hapa.