Shahidi wa Paja la Kuku

Kwenye benchi letu, nje ya chumba cha Mama Pindo fundi cherehani, mwoga hayupo. Na angekuwepo, mtu wa mwisho kushukiwa ningekuwa mimi, wanayeniita Msomi kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne bila kufukuzwa.

Juzi redio ilitangaza kwamba anayemshuku jaji kwa kuvunja sheria anaweza kulalamika kwenye kamati ya maadili: kwa maandishi, kwa jina kamili, aeleze nini kimeonekana, wapi na lini. Mama Pindo akaondoa mguu kwenye cherehani. Mwenye nyumba anataka kumtoa kwenye kile chumba, hukumu ni Jumatatu, na mimi kwa mdomo wangu nilishawasimulia jinsi nilivyomwona jaji wa kesi hiyo ndani ya gari la mwenye nyumba, wakigombea paja la kuku.

Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, akataka turushe mtandaoni. Nikamwambia mtandao haugongi muhuri. Tukaandika barua. Alipochomeka "fisi huyu mla rushwa", nikafuta, nikaweka "alikuwa ndani ya gari".

"Umeitoa ladha," akanuna.

"Kamati haitaki ladha, inataka tarehe."

Mama Pindo akasaini "Mama Pindo". Nikamrudisha aandike jina la kitambulisho. Alipoliandika tulilitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Miaka sita tunakunywa kahawa yake na hatukuwahi kulisikia. Ikabaki nafasi ya shahidi. Nikasema hiyo ni yangu, nitaijaza kulekule mapokezi ya kamati, majina matatu mpaka la babu.

Jana nilirudi kifua mbele, kalamu sikioni. Niliwaeleza jinsi karani alivyotetemeka na mimi nikimwambia aniandike kwa herufi kubwa. Mama Pindo akanimiminia kikombe cha pili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilikuwa bado nakipuliza alipofika mwanamke mwenye faili, akimuulizia shahidi wa gari: kinyozi, mlango wa pili kutoka kwa fundi. Kamati inataka maelezo yake kabla ya Jumatatu.

Wembe akaiacha mashine kichwani mwa mteja. "Mimi? Hilo gari hata rangi yake siijui."

Mimi tayari nilikuwa nyuma ya gauni la harusi lililotundikwa mlangoni. Gauni ni refu, lakini halifiki viatuni.

"Huyo ndiye aliyeileta," alisema yule mwanamke, ambaye ndiye karani wa mapokezi, akiniangalia juu ya miwani. "Kwenye nafasi ya shahidi aliandika kinyozi, haraka kama anafukuzwa. Na hiyo kalamu sikioni ni yetu, bado ina kamba."

Benchi zima likageukia sikio langu. Mama Pindo hakucheka. Alisogeza kitambaa, akaitoa barua kwenye faili, akaitandaza juu ya meza ya kukatia, akainyoosha kwa kiganja kama anayepima pindo.

"Si haba, kalamu umekuja nayo," akasema. "Haya mwanangu. Majina matatu, mpaka la babu."