Kijiko cha Wageni na Kishimo Kisichotaka Kuanza

Jumatatu, 4 Machi 1996
Bwana Osundwa wa kemia atachagua mradi mmoja Ijumaa, uende kongamano la sayansi la wilaya. Wangu au wa Sifuna. Sifuna ana betri ya maji ya miwa. Mimi nachunguza jinsi kutu inavyoanza kutoboa chuma kisichoshika kutu. Bwana Osundwa amenionya: hataki shimo lililokomaa, anataka kuona linavyoanza.
Nimeazima vijiko viwili vya wageni kabatini. Mama hajui. Nimevifunga lebo kwa mipira ya kubana na kuvizamisha katika mabeseni ya maji yenye chumvi nyingi. Kimoja nyumbani, kimoja maabara.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Mama alirudi mapema kutoka soko la Lubao. Akauliza tangu lini kijiko cha wageni kikasukutua maji ya chumvi kama mtu mwenye jino bovu. Akakisugua kwa majivu. Kinang'aa kuliko kilipokuwa dukani.

Alhamisi, 7 Machi
Kijiko cha maabara, mbele na nyuma: hakuna kitu. Lebo sikuigusa. Sayansi ni utaratibu. Sifuna akachungulia, akauliza, Profesa, supu iko tayari?
Basi. Nimechokoa tundu kwa ncha ya bikari. Dogo, la heshima. Nikalipaka kutu ya bawaba ya mlango wa maabara.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana Osundwa alitazama kwa lenzi. Kisha akauliza tangu lini kutu ya kijiko ikawa na rangi ya buluu, kama mlango wa maabara yake. Darasa likacheka.
Sifuna, akitafuta kichekesho kingine, akauvuta mpira wa lebo. Chini yake, vishimo vitatu! Kimoja ndiyo kwanza kinaanza! Bwana Osundwa nusura aruke. Akaeleza kwamba chini ya mpira maji hutuama, hewa haifiki, na ngozi nyembamba inayolinda chuma hushindwa kujiponya.
Sifuna ataenda wilayani na kijiko changu. Betri yake ilikuwa imechacha. Mimi, kama adhabu ya udanganyifu, nitambebea beseni.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefikiri sana na kosa nimeliona: rangi. Jembe la baba halijawahi kupakwa rangi. Nimekwangua kutu kikopo kizima, ya mradi wa mwakani.
Sifuna alipita jioni. Akaniomba, kwa adabu kabisa, tukae tuchunguze pamoja vishimo vile huanzaje. Nikamwambia aniache, nina kazi.