Kompresa Iliyokamatwa kwa Jina la Jenereta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na matairi ya gari lako yamejaa vizuri. Habari ya matairi nitaifikia kwenye lalamiko la nne.

YAH: KURUDISHIWA KOMPRESA YANGU, AU LA, IPEWE CHEO

Mimi ni seremala wa karakana yenye mlango wa bluu. Unanifahamu, kwa kuwa meza unayoandikia niliitengeneza mimi. Ule mguu unaoyumba si wangu, uliongezwa baadaye na binamu yako. Shule sina nyingi. Nilianza na nyundo ya kuazima na msumeno kibogoyo, nikajikongoja hadi nikanunua kompresa ya kubebeka pamoja na bunduki yake ya misumari. Kwa faida ya wajumbe ambao hawajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu, naeleza: kompresa ni tangi la chuma lenye mota. Mota hushindilia upepo ndani ya tangi, upepo unapita kwenye mpira hadi kwenye bunduki, nawe ukibonyeza, msumari unazama kabla ubao haujajua kuna mgeni.

Jumatatu Katibu wako, Mweka Hazina wako na mgambo walikuja karakanani wakaichukua, kwa malalamiko ya jirani yangu fundi saa, ambaye mtaa mzima tunamwita Mzee Sekunde. Mimi nina makabati ya dawa ya zahanati, ya kukabidhi Ijumaa. Muuguzi mkuu ameshaniambia, "Fundi, nakuheshimu sana, lakini dawa haziwezi kulala sakafuni kwa ajili ya heshima. Ijumaa makabati yasipofika, namwita yule seremala wa darajani." Yule wa darajani anaunga mbao kwa gundi na dua. Kwa hiyo jambo hili kwangu si la mzaha, na naomba lisomwe kwa mpangilio huu:

1. Kelele. Kifungu cha Nne cha taratibu zetu kinakataza kelele kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, ili watu wapumzike. Naomba nitajiwe hao watu. Mtu mzima mwenye kazi yake hawezi kulala saa nane mchana. Anayelala saa hiyo ni mtoto mchanga, mgonjwa, au mjumbe wa kamati.

Halafu tuje kwenye hesabu, maana kelele nayo hupimwa. Mashine yangu hunguruma dakika moja, tangi likijaa inanyamaza. Kwa upepo huo napiga misumari arobaini. Kwa saa moja hunguruma mara sita, yaani dakika sita za kelele kwa misumari mia mbili na arobaini. Msumari mmoja kwa nyundo ni mapigo manne, tena kwa mkono wangu. Yule wa darajani anahitaji saba na matusi. Zidisha mwenyewe: mapigo mia tisa na sitini. Kamati imemhurumia Mzee Sekunde, ikamwondolea dakika sita na kumpa mapigo mia tisa na sitini.

Mzee mwenyewe jana alichungulia dirishani kwangu, lenzi bado iko jichoni, akasema, "Mwanangu, ile mashine wanairudisha lini? Ile nilikuwa nikiisikia inaanza, naweka bisibisi chini, nasubiri ipite. Hii nyundo yako haina adabu, haipigi hodi." Nikamwambia, "Mzee wangu, si wewe uliyenishtaki?" Akasema, "Nilishtaki ili uje tuzungumze. Nani alisema wakaibebe?"

2. Namna ilivyobebwa. Kompresa yangu ina magurudumu mawili na mpini, ili mtu mmoja aivute kama sanduku la safari. Watu wako walikuwa watatu, wakaibeba mabegani kama jeneza. Niliwaambia kwa upole, "Ndugu zangu, hiyo inavutwa." Katibu akanijibu, "Fundi, usitufundishe kazi." Walipofika kwenye mtaro, Mweka Hazina akaona pete ndogo ubavuni mwa mashine, akaivuta ajue ni ya nini. Ni ya valvu ya usalama, na tangi lilikuwa limejaa. Upepo ulitoka kwa mluzi uliowaamsha hata wale wanaolala saa nane. Katibu alirukia upande wa pili wa mtaro. Mgambo, aliyeapa kutulinda, alionekana mara ya mwisho akipita mbele ya duka la unga bila kofia. Mashine ikabaki mtaroni peke yake, ikipumua. Niliitoa mimi, nikaifuta tope, nikaivuta kwa mpini wake hadi ofisini kwako na kuikabidhi. Nadhani mimi ndiye raia wa kwanza kujikamatia mali yake mwenyewe.

3. Hati. Hati niliyopewa inasema mmekamata "jenereta moja, chakavu." Mimi sijawahi kumiliki jenereta. Hiyo jenereta bakini nayo kwa amani, na mnirudishie kompresa yangu ambayo, kwa maandishi yenu wenyewe, haijakamatwa. Hilo neno "chakavu" nimelisamehe, ila sijalisahau.

4. Matumizi. Kama unavyojua, ukuta wa nyuma wa ofisi yako ndio ukuta wa chumba changu cha kulala. Na mtu hasahau sauti ya mashine yake, kama mama asivyosahau kilio cha mwanawe. Jumanne tu nikaisikia. Nikazunguka mbele, nikakuta gari lako linajazwa matairi yote manne, na la akiba likisubiri zamu. Nyuma yake kulikuwa na baiskeli ya Katibu, mkokoteni wa muuza maji, mipira miwili ya vijana, na mfuko wa maputo ya sherehe ya mpwa wa Mweka Hazina. Mlangoni pameegeshwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: UPEPO HAPA. LIPA KWA MWEKA HAZINA.

Nilipouliza, nikaambiwa ni mchango wa maendeleo. Mheshimiwa, mtaani hapa nimelipia taka ambazo hazizolewi na taa ambayo haiwaki. Nakiri hii ni mara ya kwanza kuona kamati inatoza watu kwa kitu na watu wanaondoka nacho. Ila upepo huo unatoka kwenye tangi langu.

5. Kutokojoleshwa. Lalamiko hili ni la siha, naomba lisichekwe. Upepo una unyevu. Ukishindiliwa, unyevu unageuka maji na kutulia chini ya tangi. Kila jioni lazima mtu afungue kile kizibo kilicho chini ya tumbo la mashine, maji yatoke, la sivyo chuma kinaoza kwa ndani. Sisi karakanani tunaita kuikojolesha. Mke wangu hunicheka, tukiwa tunakula huniuliza mbele ya watoto, "Baba watoto, kitinda mimba wako ameshakojoa, au utaamka usiku?" Namwacha acheke. Tangi langu halina kutu.

Tangu Jumatatu hakuna aliyeikojolesha. Nimemuuliza mgambo, akasema hilo si jukumu lake na hakuna posho. Kwa hiyo mashine imejizuia siku zote hizo, kwa kuheshimu ofisi. Nakukumbusha tu kwamba tangi lililooza ndani halipasuki kwa taarifa, na kwamba mmeliweka nyuma ya kiti chako.

Basi, kwa kuwa naona kuachana nayo kunawawia vigumu, ninalo pendekezo jingine. Ibaki hapo ofisini, lakini ibaki kama Mweka Hazina. Nimezipima sifa zake bila upendeleo. Ina geji usoni, kila apitaye anaona ndani kuna kiasi gani. Ikizidiwa, hutoa kilichozidi, tena kwa sauti, mbele za watu. Na ikishiba hujizima yenyewe, sifa ambayo sijaiona kwa kiongozi yeyote tangu nianze kupiga kura. Mweka Hazina wa sasa asijisikie vibaya. Anaweza kupewa nafasi ya jenereta, ambayo kwa mujibu wa hati ipo na haina mtu.

Nafasi yako wewe sikuthubutu kuiombea. Mwenyekiti anatakiwa angurume saa tatu mfululizo bila kutoa msumari hata mmoja, na hilo mashine yangu haiwezi.

Naomba jibu kabla ya Alhamisi jioni. Makabati yamebaki milango na migongo. Nikiipata mashine usiku huo, asubuhi ya Ijumaa muuguzi anapanga dawa zake. Nisipoipata, atapanga kwenye makabati ya yule wa darajani, na wewe ukiugua, Mungu aepushe, utameza kidonge kilichoanguka mara mbili.

Nisalimie Mama Mwenyekiti, mwambie kabati lake la vyombo liko kwenye foleni. Msalimie Katibu, na mguu wake ulioteguka mtaroni upone haraka. Msalimie Mweka Hazina na vidole vyake. Mgambo mwambie kofia yake ninayo.

Wako katika ujenzi wa mtaa, kwa nyundo kwa sasa,

Seremala wa mlango wa bluu

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Sasa hivi ni saa nane mchana. Hii nyundo imenivimbisha kiwiko, na mke wangu amenishauri niwe najinyoosha kidogo baada ya chakula. Nimejinyoosha jana, nikagundua kwamba usingizi wa saa nane ni mtamu kuliko nilivyowahi kuambiwa. Leo nimejinyoosha mara tatu, na mara zote tatu hiyo mashine imenguruma nyuma ya kichwa changu, ukutani hapo hapo. Meno yanagongana. Picha ya harusi yetu imeanguka. Hiyo dakika moja niliyoiandika hapo juu ni ndefu mno, sijui niliipimaje. Binadamu hawezi kuishi hivi. Naomba Kifungu cha Nne kitumike leo hii, bila kuoneana haya, na kama Mzee Sekunde bado hajaondoa malalamiko yake, jina langu liandikwe chini ya lake. Atakayekwenda kuizima, tafadhali aikojoleshe.